Mama Chapa na Askari Asiye na Uso

Ukishuka ngazi za jengo letu la Bredäng, huku Uswidi, kwenda kufua, ulisikia mwiko kabla ya kusikia mashine. Ulikuwa mwiko wa kusongea ugali, ukisuguliwa juu ya karatasi kwa mizunguko midogo, na sauti ya mwanamke ikisema, "Polepole. Hiyo ni karatasi, si sufuria." Chumba chake kilikuwa ubavuni mwa tvättstuga, chumba cha kufulia cha jengo zima, na wanafunzi wake wengi walianza kama watu waliokuwa wakisubiri nguo zao zikauke.

Tulimwita Mama Chapa. Alifundisha kuchapa picha kwa mbao, kwa njia ya Kijapani: unachora, unachonga ubao, unaupaka wino, unalaza karatasi juu yake, kisha unaisugua mgongoni mpaka picha ihamie. Jina hilo lilimletea wageni na maswali. Mutua, dereva wa basi kutoka Kenya aliyekuwa akija kila Jumamosi kutoka mtaa wa Rågsved, alipolisikia mara ya kwanza alisimama mlangoni, asiingie.

"Mama Chapa? Anachapa nani?"

"Picha," nilimwambia.

"Aa. Nilidhani watoto. Nikasema, huyu mama, socialen, wale wa ustawi wa jamii, hawajamsikia bado?"

Mama Chapa alijibu kutoka ndani bila kuinua kichwa. "Watoto, hapana. Madereva, ndiyo. Kaa."

Mutua alikaa, na hakuacha tena kuja.

Mama Chapa alitoka Bukavu, Kongo, na huko alikuwa mwalimu wa kuchora. Hapa alifanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, na Jumamosi zake alizitoa kwa chumba kile cha chini. Tuliishi mlango kwa mlango kwa miaka mingi. Kiswahili chake kilikuwa cha Kivu, kizito na chenye haraka: mtu alikuwa mutu, ndivyo ilikuwa njo vile. Changu, nilichokitoa Tanga, kilimchekesha. "Dada Redio," aliniita, "unaongea kama mutu anayesoma habari ya saa mbili usiku. Sema kidogo kama binadamu."

Watu wakisikia picha za mbao za Kijapani hutarajia maua, mawimbi, mlima wenye theluji kileleni. Yeye ukutani aliweka vita. Zilikuwa kurasa alizozikata kutoka kitabu cha maonyesho alichokikuta loppis, soko la vitu vilivyotumika. Ukiingia ulikutana na wanajeshi wa makoti meusi wakivuka uwanja wa theluji. Meli ya chuma ikizama huku bahari ikiwaka rangi ya chungwa. Taa kubwa ya umeme ikipasua giza juu ya kilima. Ni picha za vita vya Japani na China mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, na nyingine za vita na Urusi vilivyofuata. Ufundi ni uleule wa zamani, wa patasi na wino, ila ndani yake mna bunduki za kisasa, nyaya za simu na meli za mvuke. Mara nyingi picha moja ilikuwa karatasi tatu zilizopangwa ubavu kwa ubavu. Watu wa Tokyo walizinunua zikiwa bado mbichi, kama sisi tunavyofungua simu asubuhi kutafuta habari.

Alizikuta mara ya kwanza kwenye jumba la makumbusho mjini, walipopelekwa na darasa la Kiswidi. "Niliona theluji," alituambia, "nikasema, hii ni kadi ya Noeli. Nikasogea karibu. Nikaona miguu ya mutu chini ya farasi." Wenzake walimaliza ghorofa mbili na kunywa kahawa, naye bado alikuwa amesimama palepale.

Kilichomkera ni kwamba zilikuwa nzuri. Alizipenda rangi zake, alipenda jinsi moshi ulivyochongwa ukawa laini kama pamba, na papo hapo alizigombeza. Kila mgeni alisimamishwa mbele ya ile ya theluji na kuulizwa swali moja.

"Nani amepewa uso?"

Mutua aliangalia. "Hawa wa koti jeusi. Kila mmoja na masharubu yake. Huyu anafanana na inspekta wetu wa basi."

"Na hawa?"

Hawa walikuwa Wachina, nguo zao za rangi kali, wakianguka juu ya wenzao. Wengine walikuwa wamegeuka, na waliobaki walikuwa na mdomo mmoja wazi uliorudiwa.

"Hawa... wamerundikwa tu," Mutua alisema.

"Voilà. Mchoraji yuko Tokyo, anasoma gazeti, anachora. Wengi wao hawakufika. Mutu aliyefika hachori hivi."

"Anachora vipi?"

"Anachora kifuniko cha sufuria."

Hakuwa anatania. Alikuwa na picha yake mwenyewe ya karatasi tatu, ya siku aliyokimbia vita kwao, aliyoianza kabla sijamfahamu. Karatasi ya kwanza ilikuwa barabara tupu na vitu vilivyodondoka: godoro, redio, kile kifuniko cha sufuria. Ya pili ilikuwa mstari wa watu wakisubiri, na katikati yao mama yake mzazi, kichwani amefunga kitambaa. Ya tatu haikuwepo. Ilitakiwa iwe bariyeri, kizuizi cha barabarani, na askari aliyekuwa amesimama hapo.

Maktaba ya mtaa ilikuwa imemwahidi ukuta wa kuionyesha. Kila mwaka waliuliza, na kila mwaka alisema bado. Siku moja, tukikunja karatasi zenye unyevu, nilimuuliza shida ni nini. Alinionyesha kwanza picha moja ya ukutani, ya afisa wa Kijapani amembeba mtoto wa adui huku risasi zikipita. Hiyo ndiyo aliyoichukia kuliko zote, na ndiyo aliyoiangalia kuliko zote.

"Unaona amepewa uso mzuri kiasi gani? Njo ili usiulize habari za wengine." Akachukua karatasi nyingine, akaikunja. "Askari wetu alituambia tupite, mimi na mama yangu. Lakini waliokuwa mbele yetu hakuwaambia hivyo. Sasa nimpe uso gani? Nikimpa mzuri, ninawadanganya wale. Nikimpa mubaya, ninamdanganya mama yangu, kwa sababu alipita, akaishi, akala, akacheka tena kule Bujumbura mpaka Mungu alipomuita. Niambie, Dada Redio. Uso gani?"

Alimchora askari kwa penseli kwenye karatasi moja nyembamba, ile ya kugundishwa juu ya ubao kabla ya kuchonga, akamfuta, akamchora, akamfuta. Karatasi ilianza kung'aa pale mahali kwa kufutwa.

Kwa mambo mengine hakuwa mtu wa kusitasita. Siku moja aliona chumba cha kukaushia nguo kiko kitupu, akatundika karatasi zake humo, akasahau, na wino ukadondokea mashuka ya mtu. Kesho yake mlangoni palikuwa na tangazo la Kiswidi lenye hasira, lililojaa alama za mshangao. Wote tuliokaa nchi hii tunayajua matangazo hayo. Huwa unayasoma ukiwa umeshika kapu lako la nguo na kujifanya hayakuhusu. Yeye hakujifanya. Alichonga shuka lenye doa, doa lina macho mawili ya aibu, na chini yake neno la Kiswidi la kuomba radhi. Akalibandika juu ya lile tangazo. Mwenye mashuka, bibi mmoja Mswidi wa ghorofa ya tatu, alilibandua akaenda kulitia kwenye fremu. Wiki iliyofuata alishuka kuuliza wino ule unachanganywaje. Mpaka leo hakuna anayechanganya rangi vizuri kama yeye, nasi humwita Bibi wa Mashuka, naye hujibu.

Taarifa ya habari Mama Chapa hakuiangalia. Mtu akifungua video ya vita kwenye simu, alisema, "Funga. Vita vilivyoko ukutani vinatosha." Lakini ujumbe wa sauti wa dakika kumi wa jirani aliyefiwa angeusikiliza wote, na angeuliza marehemu alikuwa anapenda chakula gani. Alidai ukimya tukichonga, kisha yeye mwenyewe akaimba nyimbo za kanisani tangu mwanzo hadi mwisho. Tulipochanga tukamnunulia kisugulio halisi cha Kijapani, kile kisahani kilichofungwa kwa ganda la mwanzi, alikipokea kwa mikono miwili, akakisifu, akakitundika kwenye msumari, akarudi kwenye mwiko.

Ufundi wote aliufundisha kwa vitenzi viwili. "Kutoa na kuwacha," alisema. Alisema wacha kama Wakenya, si acha kama mimi. "Unachokitoa kitakuwa cheupe. Unachokiwacha kitashika wino. Patasi haichori. Patasi inatoa. Njo vile tu."

Mutua aliitikia, akarudi kwenye ubao wake, akamchonga tembo mwezi mzima. Siku ya kuchapa tulipoinua karatasi, tulikuta weusi mtupu na katikati tundu jeupe lenye mkonga.

"Umemtoa tembo," Mama Chapa alisema.

"Lakini mama, nimemchonga!"

"Ndiyo. Umemchonga mpaka ameondoka."

Tulicheka hadi watu wa tvättstuga wakaja kuuliza kuna nini. Mutua aliipeleka ile karatasi nyumbani, akawaambia watoto wake kwamba tembo ameenda kunywa maji.

Kitu kimoja alikifundisha asikifuate. Alituambia kwamba katika kazi ile ya Kijapani mtu mmoja alichora, mwingine akachonga, mwingine akachapa, na nyuma yao mchapishaji akiwahimiza habari zisipoe. Hakuna aliyemiliki picha peke yake. Lakini mbao zake mwenyewe hakuna aliyezigusa, hata kuzifuta vumbi. Kisha kidole gumba chake cha kulia kikaanza kuvimba. Daktari alisema kifundo kimechakaa na hakitarudi kilivyokuwa. Patasi ikaanza kumponyoka. Mutua ndiye aliyethubutu kumwambia.

"Mama, Wajapani wako walikuwa watu watatu. Wewe uko peke yako, tena na gumba moja."

Alimfukuza aende kunawa mikono. Ila alikuwa amesikia, maana wiki hiyohiyo alimwita Furaha.

Furaha ni binti yake, wa pekee. Amezaliwa hapa na anasomea utabibu wa meno, kwa hiyo mkono wake umezoea vyuma vidogo na hautetemi. Zamani alishuka kule chini kwa sababu moja tu, kusema, "Mamma, maten kallnar," chakula kinapoa. Mama huongea Kiswahili, binti hujibu Kiswidi. Katika jengo letu nyumba nyingi huendeshwa hivyo. Habari za bibi yake alijua kwamba alitoka Kongo na akafia Bujumbura. Kilichokuwa katikati hakukijua. Alipokuwa mdogo aliuliza mara kadhaa, na mama yake akamjibu neno moja, "Wacha," akaongeza sauti ya redio.

Mchongaji, hata hivyo, hawezi kufanya kazi bila kuuliza. Nilikuwepo Jumamosi ya kwanza. Walikuwa wameamua aanze kwa kurudia ubao wa pili, uliokuwa umepasuka, ili mkono uzoee kabla hajafika kwa askari. Furaha aligusa kichwa cha mwanamke aliye katikati ya mstari.

"Vad är det här?" Hiki ni nini?

"Kitambaa cha bibi yako."

"Kina maua?"

"Kina ndege."

Furaha aliinua patasi. "Ndege gani? Fågel eller flygplan? Wa kwenye mti au ya kwenye uwanja?"

Mama Chapa alicheka mpaka akashika meza. "Wa kwenye mti, mutoto wangu! Bibi yako afunge Boeing kichwani?"

Furaha alichonga ndege wadogo. Ili kuwachonga ilimbidi ajue kitambaa kilifungwa upande gani, na ilimbidi aambiwe kwa nini kilifungwa vibaya siku hiyo, yaani kwa haraka, na kwa nini kulikuwa na haraka. Jumamosi nyingine ilikuwa zamu ya mkoba. Nyingine, mikono ya watu mstarini. Mama alijibu kinachoulizwa na hakuzidisha, kama mtu anayeshusha ndoo kisimani kwa kamba fupi, na Furaha kila wiki alirefusha kamba kidogo. Kiswidi chake kilipungua bila mtu kumwambia. Huwezi kuuliza habari za kitenge kwa Kiswidi ukapata jibu linalofaa kuchongwa.

Halafu mimi nikahamia Spånga, upande wa pili wa mji, karibu na kazi, na Jumamosi zangu zikapungua.

Majira ya kuchipua mwaka huu Mutua alinipigia. Ubao wa tatu umekwisha, unachapwa kesho, nije. Nilipanda treni asubuhi, nikabadilisha mjini nikachukua ya njia nyekundu, nikafika kule chini saa ya chai. Bibi wa Mashuka alikuwa anakoroga wino. Mama Chapa alikataa kiti. Alikuwa amekonda kidogo na mkono wake wa kulia ulikuwa ndani ya kitambaa cha sufu.

"Dada Redio. Umekuja na taarifa?"

"Nimekuja kuzichukua."

Kabla ya kuanza alinieleza ameamua nini. Askari hatapewa uso. Kichwa chake kitabaki ubao mzima usioguswa, na kwenye karatasi kitatoka cheusi tupu. Aliona hiyo ndiyo haki pekee anayoweza kuitenda. Akasema ameshamwandikia Furaha maelezo kwa penseli nyekundu, juu ya ile karatasi nyembamba iliyogundishwa kwenye ubao: mshale kwenye uso, na neno WACHA.

Furaha aliufungua ubao kutoka kwenye taulo. Alikuwa ameumalizia nyumbani. Ulipakwa wino haraka, na ubao uliopakwa wino, tena uliogeuzwa kushoto kulia, hausomeki kwa jicho. Karatasi ikalazwa. Mama Chapa alichukua mwiko kwa mkono wa kushoto, akaanza kusugua, akachoka, akampa binti yake. Tuliinua pembe mbili mbili.

Askari alikuwa na uso.

"Nani amekwambia uchonge hapa?" Mama Chapa aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya chini sana.

"Wewe. Uliandika wacha."

"Niliandika wacha! Maana yake usiguse! Pabaki peusi!"

"Men... lakini, mama!" Furaha alirudi nyuma hatua moja, patasi bado mkononi. "Wacha ya juu nyumbani ni nyamaza. Wacha ya huku chini ni bakiza. Si ndiyo unavyotufundisha? Nilidhani ni ya huku chini. Nimebakiza mistari."

"Mistari gani? Niliifuta."

"Haikufutika. Ilikuwa mingi, mmoja juu ya mwingine. Sikujua upi ni wa kweli. Nimeiwacha yote."

Huko tvättstuga mashine ilianza kuzungusha nguo kwa kasi. Mama Chapa aliibeba karatasi kwa ncha za vidole mpaka chini ya kidirisha kilicho juu, akaielekeza kwenye mwanga. Nilisogea nione. Nyuso zote alizomchorea askari kwa miaka ile, ya upole na ya ukatili na zile ambazo hakuzimaliza, zilikuwa zimekutana mahali pamoja. Mistari iliyogongana ilikuwa imekaa kwenye paji, pembeni mwa macho, kuzunguka mdomo.

"Huyu ni mzee," Mutua alisema taratibu.

"Alikuwa kijana," Mama Chapa alisema. "Rika la huyu Furaha." Aliendelea kuangalia. "Hacheki. Hakasiriki." Kisha akaisogeza karibu na macho: "Kama yuko hai, njo vile angekuwa sasa. Na hayo yote usoni."

Furaha alikuwa anafuta macho kwa mkono wenye wino, na shavu lilikuwa limeshaharibika. "Nitachonga ubao mwingine, mama. Nitaufanya ulivyotaka."

"Nani amesema hivyo? Ubao hauchongwi mara mbili kwa sababu mutu amesema kweli." Aliirudisha karatasi mezani, akainyoosha pembe. "Hii inaenda maktaba. Bibi, wino uwe mzito kidogo. Dereva, leta karatasi, usisimame kama umekwama kwenye foleni."

Mutua alileta karatasi. Wino ukakorogwa upya. Furaha hakuondoka pale alipokuwa. Aliweka kidole juu ya macho ya askari, bila kuyagusa.

"Anamwangalia nani?"

Nilidhani Mama Chapa atasema lile neno lake la nyumbani, wacha. Alivuta kiti alichokuwa amekikataa asubuhi nzima, akakaa.

"Waliokuwa mbele yetu. Alikuwa bado anawaangalia wao, wakiwa wamelala pale. Halafu akamwona bibi yako. Akamwita mama. Akasema, 'Mama, pita. Pita na binti yako.'"

"Binti ni wewe."

"Ni mimi."

Furaha alikaa sakafuni, karibu na magoti yake. "Halafu?"

"Halafu tukapita," Mama Chapa alisema, na safari hii hakuishia hapo.